Uzio Usio na Mbuzi

Kijijini Musebele, upande wa Kabambare, kuna miti minane ya magome iliyosimama katika mstari mmoja, na kati ya mti wa nne na wa tano pana nafasi inayotosha mti mwingine. Watu hawapiti hapo. Mwanamke mwenye mtungi kichwani atauzunguka mstari mzima hadi mwisho, ingawa njia ya mtoni ingekuwa fupi zaidi kama angekata katikati. Kila mvua zinapoanza, machipukizi hutokeza katika nafasi hiyo, maana mizizi ya mti ule haikufa, na kila mara, kabla hayajafika magotini, huwa yamekatwa. Hakuna anayesema ni nani huyakata. Ukiuliza, utajibiwa habari za mpunga.

Mti uliokuwa hapo ulikuwa wa Mwamvita.

Aliolewa Musebele akiwa binti wa maneno machache na mikono mikubwa, mikono ambayo mama mkwe wake aliisifu siku ya kwanza kabla ya kuusifu uso. Mume wake, Sumaili, alikuwa mwindaji na mtu wa mzaha. Aliweza kuiga mlio wa kanga hata kanga wenyewe wakatoka majanini kuja kumtazama ndugu yao, na hapo ndipo alipowapiga. Walizaa mtoto mmoja, akafa kabla ya kuota meno. Walikuwa bado wanamlilia, kila mmoja kwa namna yake na kwa siri ya mwenzake, wakati serikali ya Wabelgiji ilipotangaza mpira.

Wazee wa Musebele waliujua mpira. Waliukumbuka ule wa kwanza, wa siku za baba zao, na walipoutaja walishusha sauti kama mtu anayepita karibu na nyoka. Sasa mjumbe kutoka Kabambare alieleza kwamba Wazungu wako vitani kwao Ulaya, na vita hivyo vinakula mpira. Basi kila mwanamume aingie msituni akakinge utomvu, na kazi ya pamba iendelee palepale. Wanaume walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakauliza swali moja tu: nani atalima chakula? Mjumbe akasema hakutumwa kulijibu hilo.

Wanaume tisa wakayachukua magunia ya mpira wakayatupa mtoni Luama. Wakaangusha miti barabarani, wakaficha mitumbwi, wakakaa kivukoni na mikuki na magobori mawili ya kuwindia nguruwe. Hawakuwa na bendera. Hata neno uhuru hawakuwa nalo; neno hilo lilikuja miaka mingi baadaye, pamoja na redio. Walichokuwa nacho ni kauli moja waliyompa mjumbe aipeleke: "Mwambie bwana yako, inchi hii iko na wenyewe."

Askari walitoka Kasongo. Wanawake walijificha kwenye mashamba ya mihogo, wakasikia risasi ng'ambo ya mto tangu asubuhi mpaka jua likafika utosini. Kisha wakasikia kitu kibaya kuliko risasi. Ndege walianza kulia tena.

Jioni askari walivuka na kuingia kijijini. Mmoja wao, amefungwa kitambaa mkononi, akawaambia wanawake kwamba waume zao wamekwisha wote na mto umewabeba. "Na mwasi hana kaburi," akaongeza. "Ni amri. Atakayechimba kaburi hapa, humo humo tutamlaza."

Kwa watu wa Musebele, maiti isiyorudi nyumbani ni maiti inayotembea. Kwa hiyo anayefia mbali huzikwa kwa mgomba. Mke hukata shina lenye kimo cha mume wake, hulivika nguo aliyoiacha, hulilaza juu ya mkeka, hulifunga kamba na kulifukia. Kichwani husimika kijiti kibichi cha mti wa magome, ule ambao wazee walitengenezea nguo kabla ya pamba ya serikali. Kijiti kikichipua, marehemu amefika. Na ikitokea kwamba aliyezikwa hivyo anarudi akiwa hai, kama wazee walivyosimulia kwamba iliwahi kutokea zamani za biashara ya watumwa, basi hana ruhusa ya kukanyaga kijiji, wala ya kuomba chochote kwa kinywa chake, mpaka mkono uliomfunga umfungue. Lazima mgomba ufukuliwe, kamba ifunguliwe, vyote vitupwe katika maji yanayokwenda. Bila hivyo, mtu wa kijiji wa kwanza kukutana naye macho kwa macho ndiye atakayekwenda kuijaza nafasi yake chini.

Wajane wa wale tisa walikaa usiku kucha bila kulia, kwa kuwa kilio nacho kilikatazwa. Asubuhi mvua ilinyesha. Askari walikuwa wamejibanza barazani kwa kapita, msimamizi wa kijiji, wakichoma mbuzi wa kijiji mmoja baada ya mwingine. Subira, mkubwa wa wajane wote, akasema, "Wamekataza kaburi. Shimo la kulowekea mihogo hawakukataza."

Wakachimba shimo moja refu mbele ya macho ya askari. Wakaenda migombani wakarudi na mashina vichwani, wakayavika nguo huku wamejiinamia kama watu wanaomenya mihogo, wakayalaza bega kwa bega. Kamba ilikuwa moja. Kamba nyingine zote askari walikuwa wamezichukua kufungia mizigo. Basi wakayafunga mashina yote tisa kwa kamba hiyo moja, kila mjane akitia fundo lake juu ya fundo la mwenzake, mvua ikiwapiga migongoni. Katika haraka ile hakuna aliyeifikiria kesho. Hakuna aliyesema kwamba kamba iliyofungwa na mikono tisa haifunguliwi na mkono mmoja.

Walipokuwa wakisimika vijiti, askari mmoja alikuja akitafuna nyama. "Hii nini?"

"Uzio ya mbuzi," Subira akamjibu.

Vijiti vikachipua vyote. Miaka ikapita, vikawa miti. Mtawala mmoja wa Kabambare, katika safari zake za kukagua pamba, aliusimamia mstari ule na kuusifu kwa unyoofu wake. Akauliza kupitia mkalimani: mbona ndani hamna mbuzi hata mmoja?

"Mwambie mbuzi waliliwa na wageni," Subira alisema. "Tunangojea wazae."

Mkalimani akatafsiri nusu tu. Mtawala akatabasamu akaenda zake.

Hemedi, mdogo wake Sumaili, alikuwa na haki ya kumrithi Mwamvita. Alikuja mlangoni na kuku mkononi. "Shemeji," alisema, "wazee wamenituma." Mwamvita akampokea kuku, akampikia, akamketisha na kumtazama akila. Kisha akamwambia, "Umekula vizuri. Sasa rudi kwako." Hemedi hakurudi na kuku mwingine. Baadaye akawa ndiye kapita, na kila mwaka aliwatuma vijana wake wamwezekee shemeji yake nyumba.

Kila mwezi ulipoandama, wajane walikwenda kwenye miti asubuhi. Kila mmoja aliweka chini ya mti wake donge la bugali na sombe kidogo ya majani ya mihogo juu ya jani la mgomba, akamwita mume wake kwa jina mara moja, akaondoka bila kugeuka. Ndiyo desturi. Unaita, lakini hungoji jibu. Chakula kililiwa na siafu, kuku na mvua, na hakuna aliyeshangaa. Mwamvita aliita hivyo mpaka sauti yake ikazoea kutojibiwa, kama mguu unavyozoea mwiba uliobaki ndani.

Halafu ukaja mwaka wa hamsini na tisa. Kasongo kulikuwa na mikutano, redio zilisema maneno ambayo zamani yangemfunga mtu, na watoto walikimbia barabarani wakipiga kelele za uhuru kwa kila lori. Katika kiangazi cha mwaka huo, Mwamvita alikwenda kwenye mti wake akakuta jani la mwezi uliopita limekunjwa. Halikuwa na chembe. Lilikunjwa mara mbili, kama anavyokunja mtu aliyeshiba. Kwenye miti mingine bugali lilikuwa limekauka kama udongo.

Mwezi uliofuata ikawa vilevile, na uliofuata tena.

Nuru, mdogo wa wajane, aliyewaita wakubwa wake wote Yaya, yaani dada, ndiye aliyepasua kicheko kwanza. "Yaya Mwamvita, bwana yako iko anakula! Ya kwangu anaringa kama mutoto wa misheni."

"Labda bugali yako iko na mchanga," Subira alimwambia.

"Mchanga? Yule, alipokuwa hai, alikula mpaka harufu ya chungu!" Wakacheka wote, wakipigana mabega. "Yaya, mwambie wa kwako aamushe wenzake. Mwambie mchana umefika."

Kicheko kikawaishia pamoja, ghafla, nao wakatazamana.

Watu walianza kumletea Mwamvita haja zao. Mwenye mtoto mgonjwa alileta yai. Mwenye kesi Kabambare alileta chumvi. Wote walitaka amwambie Sumaili, kwa kuwa Sumaili ana nguvu, Sumaili anapokea. Mwamvita alivipokea vitu hivyo kwa mikono baridi. Alijua mbwa hachagui mti, na siafu hawakunji jani. Kiumbe kilichokuwa kinakula kilimjua Sumaili kwa jina.

Asubuhi ya mwezi uliofuata aliweka chakula, akaita, akaenda hatua chache. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mjane aliyewahi kulifanya hapo. Aligeuka.

Mkono ulitoka katika majani marefu ya upande wa mto, pale ardhi ya kijiji inapoishia. Ulikuwa mwembamba, una kovu la pingu kwenye kifundo, ulilivuta jani taratibu, kwa heshima, kama mtoto anayechukua chakula mbele ya mgeni.

Mwamvita hakukimbia. "Kama iko mutu," alisema, "aniitike."

Majani yalinyamaza. Maiti haiitiki, hilo kila mtoto wa Musebele analijua. Mwamvita alikuwa ameshaanza kurudi nyuma aliposikia, kutoka katika majani yale, kanga akilia. Alilia mara moja, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, sauti ya kanga mzee. Upande ule wa mto kanga walikuwa wamekwisha kuliwa tangu mwaka wa pamba mbaya.

Aliifuata sauti ile ng'ambo. Alivuka Luama kwa mtumbwi wa mtu, akafika kwenye kibanda cha majani kilichojengwa kwa mwinamo, na mbele ya kibanda alikaa mtu ameipa dunia mgongo.

"Usije mbele," mgongo ulisema. "Simama hapo hapo."

Aliujua. Ulikuwa umekonda na kuandikwa na fimbo, lakini aliujua jinsi mtu anavyoijua njia ya shamba lake. Akaketi chini nyuma yake, akalia bila sauti, kama walivyozoezwa na askari siku ile.

Sumaili alimsimulia akiutazama msitu. Asubuhi ya mapigano wenzake walimtuma juu ya mto kuleta mtumbwi wa pili. Aliposikia risasi alikimbia kurudi, na njiani akaangukia mikononi mwa askari wengine. Wakampeleka Kasongo, kutoka Kasongo wakampandisha meli, wakampeleka mbali huko mkoa wa Equateur, kambi iliyo msituni, kukata barabara ambazo hakuona zinakokwenda. Mwaka huu karani mmoja alifungua lango akasema, nendeni, siasa imebadilika. Hakuwaambia siasa ni nini. Sumaili alitembea, akabebwa, akatembea tena, mpaka akafika kivukoni na kuiona miti.

"Niliona tisa," alisema. "Nikajua mumenizika."

"Juu ya nini hukuniita?"

"Maiti haiiti, Mwamvita. Na haiombi. Nilikuwa na njaa, lakini nilikula ya kwangu tu. Ya wenzangu sikugusa." Akaokota kijiti, akakivunja. "Siku ya kwanza uliponiita nilitaka kuitika. Nilijiuma mkono."

Hakuomba kufunguliwa. Hakuwa na ruhusa ya kuomba. Alikaa tu na mgongo wake, na mgongo ule ulimwomba Mwamvita jambo moja kuliko kinywa chochote.

Angekuwa na muda, pengine angewaendea wajane polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayefungua mlango wenye bawaba zenye kutu. Lakini wiki ile ile lori liliingia Musebele kutoka Kasongo, na juu ya mifuko ya simenti alikuwa ameketi Jean-Marie, mtoto wa Hemedi, karani na mtu wa chama, suruali yake nyeupe kwa vumbi. Chama kilikuwa kimesikia habari za wanaume tisa wa kivukoni. Kilitaka kuwajengea kumbukumbu: sakafu ya simenti juu ya shimo lote, majina yachongwe humo, watu waje kutoka Kasongo na Kabambare kuwasalimu mashujaa wa uhuru. Simenti itamwagwa Jumapili. Kijiji kilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza serikali au wapinzani wake kuwaletea kitu badala ya kuchukua.

Mwamvita alimkuta Hemedi na mtoto wake barazani, akawaambia yote. Hemedi aliteremka kutoka kitini akakaa chini, mikono kichwani.

Jean-Marie ndiye aliyesimama. "Baba mukubwa iko hai? Lakini hii ni neema, Mama! Atasimama mbele ya watu wote. Mupiganaji wa uhuru aliye hai! Hata Kasongo hawana."

"Atasimama wapi, mutoto wangu?" Hemedi alisema. "Iko chini."

"Baba, tuko mwaka wa hamsini na tisa."

"Na huko chini ya udongo, kuko mwaka gani?"

Jean-Marie alichukua baiskeli ya mtu mpaka kivukoni, akavuka mwenyewe. Alirudi jua likiwa limepoa, akitembea huku anasukuma baiskeli, mpole.

"Amekataa kunigeukia," alisema. "Nilimwambia yeye ni mupiganaji wa uhuru. Akacheka."

"Alisema nini?" Hemedi aliuliza.

"Alisema, 'Sisi tulikataa mpira.'"

Kisha Jean-Marie akamwambia Mwamvita kwamba lori litarudi Kasongo Jumapili jioni, na simenti ikishafunguliwa haingoji. Kama kuna la kufanya, lifanyike kabla. Alilisema kwa upole, na lilikuwa kweli. Simenti ikilala juu ya shimo, hakuna jembe litakalomfikia Sumaili tena.

Wajane walikutana kwa Subira. Wawili kati ya tisa walikuwa wamekufa, binti zao wakaja badala yao, kwa kuwa mkono wa binti ni mkono wa mama. Mwamvita aliwaeleza yote. Kisha Nuru akasema, "Miye fundo yangu nitalegeza. Nilimucheka akiwa na njaa. Nitalegeza." Mmoja baada ya mwingine wakakubali, wengine kwa kichwa tu. Wakabaki wanamtazama Subira.

Subira alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. "Muulize kwanza," alisema. "Bwana yangu, alimuona akianguka?"

Mwamvita alivuka tena. Mgongo ulimsikiliza, kisha ukasema, "Sikumuona. Sikuona hata mumoja. Nilisikia tu, kama ninyi."

Nuru alimngoja kivukoni, akaona uso wake akajua. Akamshika mkono. "Yaya, sikia. Mwambie aliona. Iko neno tu. Mwambie alianguka wa kwanza, risasi ya kifua, hakuteseka. Mwambie alimuita Subira. Nani atakayeumia?"

Njia nzima Mwamvita aliibeba kauli ile kinywani kama maji ambayo hutaki kuyameza wala kuyatema. Subira alikuwa ameketi palepale. Ungo ulikuwa mtupu sasa.

"Alimuona," Mwamvita alisema. "Alianguka wa kwanza. Kifuani. Na alikuita, Yaya."

Subira aliinua macho. Yalikuwa makavu, na hayakuwa na hasira. "Aliniita kwa jina gani?"

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya nyumba. Mwamvita alifungua kinywa. Hakuna mtu duniani aliyemwita Subira kwa jina lingine mbele za watu, lakini kila mke ana jina ambalo liko ndani ya nyumba tu, na jina hilo lilikuwa limekwenda na mwenyewe. Akakifunga kinywa.

"Sikukasirikii," Subira alisema. "Ingekuwa miye, ningesema uwongo kuliko huo. Lakini sikia. Wa kwako hakuona. Askari alisema wamekwisha wote, tukamuamini, na wa kwako hakuwa amekwisha. Kama yeye iko hai, wa kwangu naye labda iko mahali, amekaa katika majani, anaogopa kuitika. Nikilegeza ile fundo, nitaanza kungojea tena. Nitasikia mlango kila upepo." Aliweka ungo chini. "Nilimungojea mbele ya kumuzika, siku moja tu na usiku, na hiyo ilitosha kunimaliza. Sina nguvu ya kumungojea tena. Acha simenti ije. Niko naitaka. Naitaka nzito."

"Na miye, Yaya?"

"Mti haukufungwa kamba," Subira alisema. "Mti iko yako. Ukate, asiitwe tena na mutu, asikae katikati yetu kama mutu wa kuazimwa. Zaidi ya hapo sina."

Mwamvita aliukata mti mwenyewe, kwa shoka la Hemedi. Watu walitazama kutoka milangoni, hakuna aliyekuja kusaidia, na hakuna aliyemzuia. Utomvu mweupe ulimtiririkia mikononi ukakauka. Mti ulipolala chini, Jean-Marie alimkaribia, msumari wa kuchongea katika mkono mmoja, kofia katika mkono mwingine.

"Mama, jina lake niliandike, au niliache?"

"Liandike," alisema. "Iko humo."

Jumapili walimwaga simenti. Wajane waliivumilia harufu yake, Subira akiwa mbele kabisa, na watu waliotoka Kasongo waliimba nyimbo ambazo Musebele walikuwa hawajazijua maneno. Mwamvita hakuwepo. Alikuwa ametia jembe, chungu na mkeka kwenye kikapu, na njiani kwenda kivukoni alimkuta Nuru amekaa juu ya jiwe.

"Unaolewa tena," Nuru alisema, akijaribu kucheka. "Na mahari iko wapi?"

"Nilikwisha kuilipa miye mwenyewe," Mwamvita alimjibu, wakashikana.

Ng'ambo, Sumaili alikuwa ameketi kama siku zote, uso msituni. Nyimbo zilivuka maji zikamfikia zimechanika. Mwamvita aliweka kikapu chini. Hakukaa nyuma yake. Alizunguka akasimama mbele, na yule mzee akafunika macho kwa viganja vyote viwili, haraka, kama mtu anayekinga moto.

"Wamemwaga?" aliuliza gizani mwa mikono yake.

"Wamemwaga."

"Basi rudi, Mwamvita. Mutu wa kwanza..."

"Najua mutu wa kwanza," alisema. "Mutoto wetu alikwenda. Mama yako alikwenda. Nyumba yako iko miye tu, hakuna mwingine wa kujaza nafasi. Toa mikono."

Hakuitoa. Mwamvita aliishika, mkono mmoja mmoja, kwa mikono yake mikubwa, akaiteremsha magotini pake. Sumaili alikuwa amefumba macho. Mwamvita alingoja. Alikuwa amejifunza kungoja kuliko mtu yeyote. Na Sumaili alipoyafumbua, Mwamvita alimtazama ndani ya macho bila kupepesa, mpaka kitendo kikawa kimefanyika na hakirudi.

Walitembea hadi Salamabila. Kambi ya dhahabu ilimwandika Sumaili kukata miti ya kuegemezea mashimo, kwa jina jingine, kwa kuwa jina lake lilikuwa chini ya simenti na hakutaka kuliiba. Mwamvita hakumwita tena Sumaili. Alimwita "weye," na alitosheka. Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata kambi nzima ilitoka nje ikipiga mabati na sufuria. Sumaili alikuwa akichonga mpini. Aliuliza kelele za nini.

"Uhuru," Mwamvita alimwambia.

"Vizuri," alisema, akapuliza vumbi la mti, akaendelea kuchonga.

Mwamvita ndiye aliyetangulia kufa, kwa homa, katika mvua za pili baada ya hapo. Musebele walipopata habari walisema nafasi imejazwa. Mganga wa dispensari ya kambi alisema ni malaria. Kwa desturi, Sumaili sasa alikuwa huru kurudi nyumbani na kuwatazama watu usoni. Hemedi alimtumia ujumbe mara mbili, kisha akaja mwenyewe. Sumaili hakurudi naye.

Mwamvita amezikwa Salamabila, katika makaburi yaliyo juu ya kambi ya wachimba dhahabu, upande wa barabara.